Mwizi Hajaja, Kamera Hazijakaa Bure

Tangu tufunge kamera nyumbani kwetu hazijanasa mwizi hata mmoja. Moja inatazama mlango wa mbele, ya pili iko uani, na ya tatu ni ndogo ya kuenea kiganjani, haina makao maalumu: leo iko stoo, wiki ijayo iko juu ya kabati. Fundi aliyezifunga alituhubiria habari za wezi mwanzo hadi mwisho, nasi tulizinunua kwa sababu hiyo. Lakini nikipiga hesabu ya mara ambazo zimetufaa kwelikweli, wezi hawamo. Zimetafuta funguo, zimeonyesha maji yanakotokea, zimemvua mbwa lawama, na zimetufanya mimi na mama yangu tubishane mpaka tukaelewana. Na katika hayo yote, ile ndogo inayotangatanga ndiyo iliyobeba mzigo mkubwa.

Siku hizi nina msimamo wangu, na wapo wanaonicheka kwa ajili yake: kamera ya nyumbani inafaa pale unapokuwa na swali. Nani anafukua vyungu vya maua usiku? Mbwa anafanya nini tukishaondoka? Maji haya yanatoka wapi? Ukiwa na swali unajua uiweke wapi, uitazame saa ngapi, na lini uiondoe. Ukiiweka bila swali, kazi inayobaki ni kuwatazama watu tu, na kuwatazama watu wa nyumba yako kuna madhara yake, nitayafikia.

Funguo kwanza, maana nadhani kila mwenye kamera alianzia hapo. Zilipotea jioni moja tukaipindua nyumba juu chini, kila mtu akiapa hakuzigusa, mimi nikiapa kuliko wote. Mke wangu ndiye aliyesema, kwa utulivu wa mtu aliyekwisha kujua jibu, "Si uangalie kamera?" Kamera ya mlangoni huona kipande cha sebule mlango ukiwa wazi. Nikarudisha nyuma, nikajiona naingia na mifuko mikono yote miwili, simu nimeibana kati ya sikio na bega, funguo zinaning'inia kwenye kidole kidogo. Natua mifuko. Nakwenda dirishani, nafunga kioo, navuta pazia, narudi. Kidole hakina kitu. Funguo zilikuwa nyuma ya pazia, kwenye ukingo wa dirisha, na hadi leo sina kumbukumbu yoyote ya kulikaribia dirisha lile. Tangu hapo tumeshapata hivyo miwani, rimoti, na hereni moja ya binti yangu iliyoruka alipovua sweta.

Jambo moja la kiufundi hapa ni la muhimu. Kamera nyingi zikitolewa kwenye boksi huwa zimepangwa kurekodi pale tu zinapohisi mwendo, tena vipande vifupi. Hilo linatosha kwa mwizi, lakini kwa funguo halitoshi, kwa sababu kipande hukatika kabla hujafika dirishani. Ukitaka kutafuta vitu, ipange irekodi mfululizo kwenye kadi ya kumbukumbu. Kadi ikijaa, inafuta ya zamani na kuandika mpya juu yake. Na ununue kadi iliyotengenezwa kwa kazi hiyo. Za kawaida huchakaa haraka kwa kuandikwa na kufutwa usiku na mchana, na utagundua zimekufa siku unapozihitaji.

Kazi kubwa kuliko zote ilikuwa ya doa la dari. Lilianza dogo juu ya mlango wa stoo, la rangi ya hudhurungi, kingo zimekolea kuliko katikati. Fundi wa paa alipanda, akaziba kila mahali palipotiliwa shaka, akasema yamekwisha. Mvua ikaja, doa likatanuka. Akarudi, akaziba tena, likatanuka tena. Pendekezo lake lililofuata lilikuwa kuezua upande mzima. Hapo ndipo nilipoipandisha ile kamera ndogo juu ya rafu, nikaielekeza darini.

Usiku wa kwanza haikunionyesha kitu. Giza likiingia, kamera hizi hujiwashia taa zake za infraredi, mwanga ambao macho yetu hayauoni. Ukiwa karibu nayo jioni utasikia kitu kikigonga "tik" ndani yake: ni kichujio kinachoondolewa mbele ya kihisi cha picha ili mwanga huo upite. Chini ya infraredi rangi hupoteza maana. Shati jeusi laweza kutokea la kijivu hafifu, kwa kuwa rangi nyingi za nguo haziufyonzi mwanga huo, na doa langu nalo lilififia hata sikuweza kulitenga na dari. Nikaacha balbu ya stoo ikeshe, nikaizima hali ya usiku kwenye programu, nikachagua ipige picha moja kila baada ya dakika kadhaa na kuziunganisha.

Asubuhi nilitazama usiku mzima kwa muda wa kunywa maji ya glasi moja. Mbingu ilikuwa kavu, hakuna tone la mvua, na bado doa lilikuwa likipumua. Lilikuwa limepauka jioni, likakaa hivyo mpaka usiku wa manane kupita, halafu likaanza kukolea kuanzia pembe moja. Karibu na alfajiri tone lilijikusanya kwenye pembe hiyo, likavimba, likasita, likaanguka. Usiku uliofuata niliirudisha kwenye kurekodi video pamoja na sauti. Kabla ya tone la kwanza, kwa mbali, ulisikika mvumo wa maji yakipanda kwenye tangi.

Kumbe paa halikuwa na kosa. Usiku watu wakilala na mabomba yakifungwa, msukumo wa maji kwenye mfumo huongezeka, na tangi letu lilikuwa likijaa saa hizo. Boya la kufungia maji lilikuwa limechoka, halifungi sawasawa, kwa hiyo ziada ikawa inatoka kwa bomba lake la kumwagia nje, na bomba hilo lilikuwa limelegea kiungo kimoja juu ya dari ya stoo. Mvua ilisingiziwa kwa sababu mvua ikinyesha ndipo sisi tunapotazama dari. Siku za jua hakuna aliyeinua macho.

Nilimwonyesha fundi wa bomba ile video kabla hajafungua mkoba wake. Akaitazama, akaomba airudie, akasogeza simu karibu na sikio. "Hapa huna haja ya paa, kaka," akasema. "Unataka boya jipya, na kile kiungo tukikaze." Kazi iliisha kabla ya mchana.

Tangu hapo kila kitu kinachotokea wakati wa kulala au tusipokuwepo nakipelekea ile kamera. Angalizo moja tu: hakikisha saa ya kamera yako iko sahihi. Yetu ilikuwa imewekwa kwenye majira ya nchi nyingine, na kama nisingeliona hilo mapema, ningemtafuta mchawi wa adhuhuri wakati mgeni wetu alikuwa wa alfajiri.

Hii habari ya kuelekeza kamera kwenye swali si ugunduzi wangu. Mwaka 1991, katika maabara ya kompyuta ya Chuo Kikuu cha Cambridge, watafiti waliokuwa wamekaa mbali na birika la kahawa walichoka kutembea na kulikuta tupu. Wakalielekezea kamera, wakaandika programu ya kuonyesha picha yake kwenye kompyuta zao, picha ya kijivu ya pikseli 128 kwa 128, ili mtu ajue kama kuna kahawa kabla hajainuka kitini. Mwaka 1993 picha hiyo iliunganishwa na mtandao, na watu wa dunia nzima wakawa wanatazama birika ambalo hawatakunywa kutoka kwake hata tone. Kamera ilizimwa mwaka 2001. Kamera ile ya kwanza kabisa kuonekana kwenye mtandao haikumlinda mtu wala mali, ilijibu swali la ndiyo au hapana, na mimi ninaiheshimu kwa hilo.

Sasa habari ya mama, ambayo si nyepesi kama ya dari.

Mama anaishi peke yake, kwa hiari yake, katika nyumba yake. Alipoteleza bafuni na kujiumiza nyonga, kaka yangu mkubwa alitaka kamera kila chumba, siku hiyo hiyo. Mama alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akanigeukia mimi kana kwamba ndiye niliyesema: "Mimi si duka, mwanangu."

Tukakaa na neno hilo kwa muda mrefu. Nilijaribu kumshawishi kwa kumsimulia Marie Van Brittan Brown, muuguzi wa Queens, New York, aliyekuwa akirudi na kubaki nyumbani kwa saa zisizoeleweka na kuogopa kufungua mlango. Yeye na mumewe Albert waliomba hataza, yaani haki ya kisheria ya mvumbuzi, mwaka 1966, wakaipata Desemba 1969: mlango wenye matundu manne ya kuchungulia kwa kimo tofauti, kamera inayopanda na kushuka kuyafuata, skrini chumbani, kipaza sauti cha kuzungumza na aliye nje, na kitufe cha kufungua mlango ukiwa mbali. Nilidhani mama atafurahi kusikia kwamba mmoja wa waanzilishi wa ulinzi huu wa nyumbani alikuwa mwanamke aliyetaka kulala kwa amani. Alifurahi kweli, ila hoja aliyoichukua si ile niliyomletea. "Huyo aliiweka mwenyewe," akasema, "na skrini ilikuwa chumbani kwake. Yangu itakuwa chumbani kwa nani?"

Sikuwa na la kujibu. Masharti tuliyoafikiana yalitokana na swali hilo. Kamera moja tu, kwenye ukumbi mwembamba kati ya chumba chake cha kulala na jiko. Chumbani na bafuni hapana, asilani. Sauti imezimwa. Programu iko kwenye simu yake kama ilivyo kwenye zetu, na anaona kila tunachokiona. Kamera ina kifuniko anachoweza kukivuta akitaka, bila kutoa maelezo kwa mtu. Na sharti la mwisho, ambalo hatukulitarajia: naye aunganishwe na kamera ya mlango wetu, awaone wajukuu wakirudi shuleni. "Kama ni kutazamana," akasema, "tutazamane."

Ndugu zangu walidhani huo ni utani wa mzee. Mimi naona ndilo sharti lililoifanya ile kamera ivumilike. Kila siku mchana wanangu wanapofika mlangoni wanasikia sauti kutoka ukutani: "Futeni miguu kabla hamjaingia!" Mdogo hujibu "Shikamoo Bibi" akiwa bado anasugua viatu, na kutoka ukutani hutoka "Marahaba" ndefu. Hatukununua kamera ili bibi awasalimie wajukuu akiwa upande wa pili wa mji, lakini ukiniuliza leo ni matumizi gani nisingekubali yaondolewe, ni hayo.

Kwa upande wake, ukumbi ule ulituonyesha kitu ambacho hata yeye hakukijua. Mchana anapita katikati, mikono iko huru, hatua ni ndefu. Jua likishazama anapita kando, kiganja kinaburuzika ukutani, na akifika mahali fulani kabla ya mlango wa jiko anasimama kidogo, anapapasa kwa mguu, ndipo anaendelea. Ni mahali penye badiliko dogo la sakafu, kimo cha kidole. Sisi sote tulikuwa tumeshika nyonga, nyonga, nyonga. Tukamwonyesha yeye kwanza, maana ni mwili wake, naye akaitazama mara kadhaa na kusema, "Mimi huyu?" Daktari alipoiona hakuanza na miguu, alianza na macho, na kweli akakutwa na mtoto wa jicho. Wakati anasubiri matibabu tuliweka taa ya chini inayojiwasha mtu akipita, na kishikio cha ukutani. Daktari anaona mtu akitembea hatua chache ofisini, mchana, huku mgonjwa akijitahidi kwa heshima ya daktari. Ukumbi unamwona jioni, akiwa na uchovu wake wa kawaida. Ndiyo maana hata kwa kifafa na mishtuko ya usingizini madaktari hupenda kupata video: tukio haliji siku ya miadi.

Kitu kingine nilichojifunza kwa mama ni kwamba programu hizi zimetengenezwa kupiga kelele kitu kinapotokea. Kwake habari ni pale kisipotokea. Akipita asubuhi kwenda jikoni huinua mkono kidogo kuelekea kamera, bila hata kuitazama. Ikifika saa ya kawaida na hakuna mkono, mmoja wetu anapiga simu. Mara zote imekuwa amelala kupita kiasi, au amevuta kile kifuniko na kusahau, na mara zote anatukemea kwa kumwamsha. Programu chache zina uwezo wa kukuarifu kwamba hapajawa na mwendo kwa muda uliopanga; kama unanunua kwa ajili ya mzazi, uliza kuhusu hilo kabla ya kuuliza ubora wa picha.

Mbwa nitamwelezea haraka. Jirani alilalamika kwamba anabweka mchana kutwa tukiwa kazini. Ile kamera ndogo ikakaa sebuleni siku kadhaa: baada ya sisi kutoka analia mlangoni kidogo, anazunguka, anapanda kwenye kiti asichoruhusiwa, analala. Mbweko ulisikika, ndiyo, lakini kutoka nje, na yeye aliinua sikio moja tu na kulirudisha. Jirani alitazama, akacheka, akaenda kuuliza nyumba nyingine. Kiti tumemwachia. Madaktari wa mifugo nao huomba video za namna hii kwa mnyama anayeharibu vitu akiachwa, kwa sababu tabia hiyo hutoweka bwana wake akiingia. Vyungu vya maua, kama unataka kujua, vilikuwa vikifukuliwa na paka wetu mwenyewe.

Uani adui si mtu, ni buibui. Anapenda kusuka karibu na lenzi, na uzi mmoja ukiangaziwa na taa za infraredi zilizo sentimita chache kutoka kwake huonekana kama kamba nene inayopepea mbele ya nyumba. Upepo ukivuma simu inaita usiku kucha. Nilipuuza arifa nyingi hivi kwamba hata angepita tembo nisingeamka. Dawa niliyoipata ni kuzima taa za kamera na kufunga taa ya infraredi ya pembeni, mbali kidogo na lenzi. Wadudu na nyuzi wakawa huko, picha ikawa safi. Taa hizo hutofautiana kwa urefu wa mawimbi ya mwanga wake: zipo za nanomita 850, ambazo ukizitazama gizani utaona wekundu hafifu, na za 940 zisizoonekana kabisa ila mwanga wake haufiki mbali. Kwa uwanja, 850. Kwa chumba cha mtoto mchanga anayesumbuliwa na kila kijimwanga, 940.

Nimesema kamera bila swali haina kazi nzuri, na kuna watu wawili watatu waliosikia hivyo wakanipinga kwa mifano ambayo siwezi kuikanusha. Julai 2024, karibu na mji wa Charlottetown nchini Kanada, kamera ya kengele ya mlango ilirekodi kimondo kikigonga njia ya mawe mbele ya nyumba, picha na mlio wake. Inaaminika ni mara ya kwanza mlio wa kimondo kikitua kunaswa hivyo pamoja na picha. Mwenye nyumba alikuwa amesimama karibu na mahali hapo dakika chache tu kabla, akielekea kutembeza mbwa. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Alberta wakathibitisha kwamba unga na vipande alivyokusanya ni jiwe la angani kweli. Hakuna aliyeiweka kamera ile akiwa na swali la mawe ya mbinguni.

Na Machi 28, 2025, tetemeko la ukubwa wa 7.7 lilipoipiga Myanmar na kuua maelfu ya watu, kamera ya ulinzi iliyokuwa ikitazama geti ilirekodi ardhi yenyewe ikipasuka na upande mmoja ukiteleza mbele ya macho. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Kyoto walipima picha kwa picha wakapata kwamba ardhi ilisogea mita 2.5 ndani ya sekunde 1.3, na kwamba njia yake haikuwa imenyooka, ilikuwa imepinda. Wanajiolojia walikuwa wakikisia mambo hayo kwa kusoma mikwaruzo iliyobaki kwenye miamba na kwa mitambo iliyo mbali. Geti liliwaonyesha.

Basi nakubali nusu: nje, acha kamera itazame, hujui kitakachopita. Ndani ya nyumba msimamo wangu haujasogea.

Ile kamera ndogo ilipomaliza kazi ya mbwa ilibaki sebuleni kwa uvivu tu wa kuishusha. Muda si muda nikaanza kusikia sentensi mpya: "Turudishe nyuma tuone." Nani alivunja kikombe, turudishe nyuma. Nani alianza kumsukuma mwenzake, turudishe nyuma. Nani alisema atafagia. Ushahidi ukawa mwingi na msamaha ukawa adimu. Zamani mmoja angenung'unika, mwingine angekiri nusu, mambo yangeisha. Sasa kila ugomvi ulikuwa na video, na aliyeshinda alitaka ionyeshwe mara mbili. Binti yangu mkubwa alianza kupokelea simu zake barazani. Siku moja nilikuta kamera imevishwa soksi. Sikuuliza ni nani, wala sikurudisha nyuma kutazama. Niliishusha nikaiweka kwenye droo, na soksi yake.

Wageni nao wana haki ya kujua. Anayekuja kututunzia watoto au kufanya usafi tunamwambia kamera ziko wapi kabla hajaanza kazi, tunamwonyesha na zinachokiona. Na majirani vilevile. Mwaka 2014 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua kesi ya mwenye nyumba wa Jamhuri ya Cheki aliyefunga kamera chini ya paa lake baada ya kuvunjiwa madirisha. Kamera ilikuwa ikiona njia ya umma na mlango wa nyumba ya mbele. Mahakama ilisema kurekodi eneo la umma namna hiyo si jambo la binafsi la nyumbani tu, hivyo sheria ya kulinda taarifa za watu inahusika, ingawa ilikubali pia kwamba haja yake ya kulinda familia na mali ni ya kuzingatiwa. Kila nchi ina sheria zake, lakini programu nyingi zina sehemu ya kuziba kwa rangi nyeusi eneo usilotaka lirekodiwe. Tumeliziba dirisha la jirani, nikamwita aje aone mwenyewe lilivyozibwa. Alishukuru kuliko nilivyotarajia, na nadhani ndiyo sababu habari ya mbwa ilizungumzika vizuri.

Nywila badilisha siku ile ile unapoiwasha. Mwaka 2016 programu hasidi iitwayo Mirai iliingia kwenye kamera na vifaa vingine vingi vya majumbani kwa kujaribu tu majina na nywila za kiwandani ambazo wenyewe hawakuzibadilisha, ikavigeuza jeshi, na Oktoba 21 mwaka huo jeshi hilo likaielemea kampuni ya Dyn, iliyokuwa ikizisaidia kompyuta kupata anwani za tovuti, hata tovuti kubwa zikawa hazifikiki kwa saa kadhaa. Wenye kamera hawakuwa na habari. Kamera zao ziliendelea kuonyesha bustani na geti kama kawaida.

Kama bado hujanunua na unataka kujua kama hizi habari zangu zina maana kwako, usinunue. Chukua simu yako ya zamani, hata yenye kioo kilichopasuka alimradi kamera inaona, weka programu ya kuigeuza kamera ya ulinzi, iunganishe na waifai, iegemeze kwenye kitabu ikitazama kile kinachokusumbua. Itumie siku mbili tatu, upate jibu lako, uizime. Usiiache kwenye chaja miezi na miezi, hasa mahali penye joto, kwa sababu betri za simu kuukuu huvimba. Yangu ilivimba mpaka ikainua kifuniko cha nyuma, na kamera ya uani ikapata mchana mzima wa kuitazama ikiwa juu ya zege, mbali na nyumba, ikisubiri kupelekwa kwa wanaopokea betri mbovu.